Nilivyojiandaa na chemshabongo ya historia hapa Boston

Maktaba ya mtaani kwetu iliandaa usiku wa chemshabongo kuhusu enzi za ukoloni wa Mwingereza huku na mapinduzi ya Marekani, kuingia bure, timu watu wanne, simu zinazimwa. Mi shule nimesoma Tanzania, Kinjekitile na Maji Maji nakuhadithia hata ukiniamsha usiku, ila ya huku nilikua najua Washington na 4 Julai 1776 basi. Dada mmoja Mkenya tunayefanya nae kazi akaniambia kaka twende, nikakubali.

Wiki ya kwanza nikasoma vitabu, wapi, miaka inagongana tu kichwani. Jumamosi nikaenda kutembea Freedom Trail, njia ya kupitia sehemu za historia hapa mjini, kuna mstari mwekundu chini unaufuata kama maili mbili na nusu hivi, na kila kituo nasimama najisemea kwa sauti hapa ilikuaje na mwaka gani, hapo ndo vikaanza kukaa. Nje ya Old State House, jengo la serikali la enzi za ukoloni, kuna duara la mawe, ndo wanapokumbukia wale watu watano waliouawa kwa risasi za askari wa Kiingereza tarehe 5 Machi 1770, mmoja wao Crispus Attucks, mtu mwenye damu ya Kiafrika. Nilikaa pale muda mrefu, watu wanapita na kahawa zao. Mwisho nikapanda ngazi 294 za mnara wa Bunker Hill, ukumbusho wa vita moja ya mapinduzi, miguu iliuma siku mbili.

Siku yenyewe tukagawana, dada akachukua vita na sheria, mi watu na sehemu. Likaja la chai iliyomwagwa bandarini hapa Boston na watu waliopinga kodi ya Mwingereza Desemba 1773, makasha mangapi, wenzangu wanataka kuandika 300, nikawaambia hapana ni 342. Likaja la mtego, vita ya Bunker Hill ilipiganwa hasa kilima gani, na mimi zile ngazi nilizipandia hukohuko Breed's Hill! Mwaka wa kodi ya stempu, ile Mwingereza aliyowatoza watu wa huku kwenye karatasi, ndo tulikosa, tukaandika 1767 kumbe 1765.

La mwisho lilikua la Phillis Wheatley na nilimjua vizuri maana alinikaa moyoni, binti aliyechukuliwa Afrika Magharibi akauzwa hapa Boston 1761 akiwa na miaka saba au nane, Phillis ni jina la meli iliyomleta, yani mtoto anaitwa kwa jina la meli iliyomtoa kwao, na 1773 huyohuyo akatoa kitabu cha mashairi London akiwa bado mtumwa. Tukapata, tukashika nafasi ya pili.

Wakati tunavaa makoti dada akaniuliza kaburi lake liko wapi, Jumapili tupeleke hata maua. Nikamwambia alifariki 1784 akiwa maskini kabisa, na alipozikwa hapajulikani.