Maji ya leo au maji ya masika?

"Mwanangu, hizo mita sitini mnaanza kuzihesabia wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja mkaushaji wa dagaa, kwenye mwalo mdogo, mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, upande wa Ilemela, Mwanza, mwaka 2019. Nilikuwa nimemwamkia, ameitikia marahaba kwa upole, huku kopo la rangi nyekundu liko mkononi mwangu na analiona. Nikamjibu upesi kwamba tunaanzia kwenye maji. Akageuka, akalitazama Ziwa Victoria kama mtu anayemtazama jirani yake wa siku nyingi, akasema, "Maji ya leo au maji ya masika?"

Sikuwa na jibu. Nikapaka X kwenye nguzo ya kichanja chake cha kuanikia dagaa, nikahamia kwa aliyefuata.

Mimi ni mpima ardhi. Nimezaliwa Igoma, nikasomea Dar es Salaam, nikarudi Mwanza kufanya kazi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kipimo hakijui sura ya mtu: mita ya tajiri na mita ya maskini zina urefu mmoja. Swali la yule mama lilinitoa kwenye imani hiyo, ingawa lilichukua muda wake.

Nianze na sheria yenyewe, maana naipenda, na sitaki nihesabiwe miongoni mwa wanaotamani ifutwe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mtu wa Mwanza hahitaji kuhadithiwa sababu yake. Matete na mafunjo ndiyo chujio la ziwa. Ukiyafyeka, tope, mbolea na maji ya vyoo vinaingia moja kwa moja, na rutuba hiyo ndiyo inayonenepesha magugu maji, ambayo sisi tuliozaliwa miaka ya 1980 tumekua nayo. Anayebisha akasimame kando ya Mto Mirongo mvua kubwa ikikatika, aone rangi ya maji yanayoelekea ziwani na kila kilichomo ndani yake.

Ila uchafu wa Mirongo hautoki mwaloni. Unashuka kutoka milimani, kwenye nyumba zilizokalia mawe, ambako shimo la choo halichimbiki na gari la taka halipandi. Unatoka kwenye gereji, masoko na mitaa yetu sisi tunaokaa mbali na ufukwe. Mji mzima unashusha, kisha anayekwenda kudaiwa ni yule anayeishi karibu na maji.

Na hata huko karibu na maji hatukudai sawa. Hili nimelikalia kimya muda mrefu. Siku ileile, hatua chache kutoka kwenye kile kichanja, kulikuwa na ukuta wa mawe na saruji ambao msingi wake umesimama ndani ya ziwa. Nyuma yake kuna nyumba, bustani ya majani na gati dogo la boti. Nilishainua brashi. Mkubwa wangu wa msafara akasema, "Hiyo ina vibali vyake, pita." Nikapita. Sikuomba kuviona hivyo vibali, na ilikuwa kazi yangu kuviomba.

Fikiria sasa. Kichanja ni miti na wavu chakavu. Asubuhi unakivunja, jioni umekisimamisha kwingine. Ukuta ule utakuwepo wajukuu zetu wakizeeka. Sheria imetaja neno "kudumu", na mimi nilipaka rangi kwenye kinachohama nikaacha kilichodumu. Futi kamba yangu ilikuwa sahihi kwa sentimita. Dhuluma ilikuwa kwenye uamuzi wa wapi pa kuikunjua.

Mwaka uliofuata ziwa likajibu swali lililonishinda. Mvua za mwishoni mwa 2019 ziliunganika na za masika, na kufikia Mei 2020 maji yalikuwa yamepanda juu kuliko wakati wowote tangu yaanze kupimwa, yakaipita kidogo alama ya 1964, iliyokuwa rekodi hadi hapo. Nilirudi pale mwaloni kwa miguu yangu, si kikazi. Kigingi chetu cha mstari hakionekani. Juu yake kumefungwa mtumbwi. Mita 60 kutoka kwenye maji ya siku hiyo zilivuka njia, zikaingia katikati ya nyumba ambazo tuliziambia ziko salama. Watu wawili watatu walinionyesha ramani yetu iliyobandikwa ofisi ya mtaa na kuniuliza, kwa adabu kabisa, waiamini tena au waache.

Yule mama nilimkuta kahamia juu, kwa mdogo wake. Ndipo akanieleza kwamba baba yake alihamishwa na maji mara baada ya Uhuru, kwenye mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata, na kwamba wazee wa pale wanajua jiwe ambalo maji ya wakati ule yaliligusa. Jiwe lipo, kila mtu analijua. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Kwenye taarifa yetu kuna mstari unaosema wananchi walishirikishwa. Ni kweli mkutano ulifanyika, na karatasi ya mahudhurio ina saini. Ulifanyika saa nne asubuhi, siku za giza. Kwa msomaji asiye wa pwani ya ziwa: dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Siku za giza wanaume wanarudi alfajiri wakiwa hoi, na wanawake muda huo wanapambana kuanika kabla jua halijawa kali au wingu halijatanda. Mzigo ukilowa, mtaji umekwenda. Ukitaka kuzungumza na watu wa mwalo, unasubiri mbalamwezi, nyavu zinapopumzika. Kalenda hiyo inajulikana na mtoto wa darasa la tatu pale. Sisi tulifuata kalenda ya ofisi, tukazungumza "bafa" na "koordineti" mbele ya wazee na vijana waliokuwa wanasinzia, tukamaliza kabla ya saa sita. Kifungu cha 178 cha sheria ileile kinampa mwananchi haki ya kuarifiwa mapema kuhusu maamuzi yanayogusa mazingira yake. Sidhani kama waliokiandika walikusudia usingizi.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kesi ya Tabata. Wakazi wake waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga na kuchoma taka katikati yao, wakashinda mwaka 1988. Jaji Lugakingira alishangaa mamlaka ya umma kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua na kuhatarisha uhai wa watu. Darasani tulifurahia sana. Mwalimu akatuacha tufurahi, kisha akauliza taka zilikwenda wapi. Zilikwenda Kunduchi Mtongani, kwa watu wengine, nao ikawabidi waende mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Taka hazikuisha kwa hukumu. Zilikuwa zinatafuta mtaa ambao haujajifunza kushitaki. Nikiona ramani yoyote ya mpango wa mji siku hizi, jicho langu linaanzia kwenye dampo, machinjio na mabwawa ya majitaka, halafu nauliza nani anakaa pale na mkutano wao ulifanyika saa ngapi.

Ziwa letu linaijua hadithi hii zamani kuliko sisi. Sangara alipandikizwa humu kuanzia miaka ya 1950, kwa uamuzi wa maofisa wa kikoloni. Kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, walikuwa wamepungua mno, wengi wametoweka kabisa, na furu ndiye aliyekuwa kitoweo cha nyumba zetu. Najua sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto, wakiwemo wa ukoo wetu, na sitamtukana. Lakini minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na utotoni mwangu Igoma tulichonunua ni mapanki, kichwa na mifupa iliyobaki baada ya kiwanda kuchukua chake. Mama aliyakaanga vizuri. Bado nakumbuka nikimuuliza nyama imekwenda wapi.

Mwaka huu nimepewa kazi ya kupima tena ufukwe, mwalo mwingine, si ule. Nimeandika barua nikiomba mambo matatu kabla sijagusa kifaa: mkutano uwe siku za mbalamwezi, saa kumi jioni, tuanze kwa kutembea na wazee watuonyeshe maji ya 1964 yalifika wapi, na kila mwenye ukuta aweke vibali vyake mezani pamoja na wenye vichanja. Nimepigiwa simu nikaulizwa kama jambo la tatu ni la lazima. Nimesema ndiyo.

Mbalamwezi inaanza wiki ijayo. Barua bado haijajibiwa.