Bao sakafuni, hesabu kichwani

Saa nane mchana, mwezi wa pili, upepo umekata kabisa na mabati yachemka, halafu useme unafundisha gredi ya tano kugawanya kwa mabaki. Thubutu! Waliokula wanasinzia, wasiokula wanakutolea macho tu. Basi juzi kitabu sikukifungua, nikawatoa nje pale kibarazani, nikachora bao kwa chaki chini sakafuni, mistari minne, kila mstari mashimo manane, na komwe, ndizo kete zenyewe, nikaazima kwa mzee mmoja anayecheza Kibokoni hapa Mombasa, kanihesabia zote 64 na onyo juu, "mwalimu, ikipungua hata moja tutajuana".

Bao la kiswahili lenyewe si mchezo wa kufundishwa kipindi kimoja, kuna namua, kuna mtaji, kuna nyumba na kutakata, na wazee wenyewe hubishana mpaka waadhiniwe isha. Mimi hayo yote nimeyaacha kwanza, nimechukua kule kusambaza kete tu. Kila mchezaji ana mashimo 16 upande wake, na kete zake zazunguka humohumo, moja moja kila shimo. Sasa swali, ukichota kete 19 shimo moja ukaanza kutia shimo linalofuata, ya mwisho yaangukia wapi? Mwanzo wakahesabu moja moja kwa kidole, wanapotea, wanaanza upya, wanalaumiana. Halafu kuna mtoto akaa dirishani, tangu shule zifunguliwe hajainua mkono, akasema bila hata kugusa komwe, "shimo la tatu mbele." Umejuaje? "Si 16 zishazunguka zikarudi palepale mwalimu, zimebaki tatu." Nikamtia 35. "Hizo pia tatu, ila zimezunguka mara mbili." Wenzake wakabisha, wakakopa kete za upande wa pili, wakasambaza zote, wakakuta kweli, basi zogo lake hilo mpaka mwalimu wa darasa jirani akatoa kichwa kuchungulia.

Mimi naona hapo ndo penyewe. Mabaki yako ndani ya mchezo, hukwepi, ukitaka kushinda lazima uyajue. Manake kuna huu mtindo mwingine tunauita mchezo, swali ubaoni, makundi mawili, wa kwanza kujibu apewa pointi na peremende, huo jamani ni mtihani uliovalishwa kilemba cha harusi. Washindi ni walewale watatu wa dawati la mbele, wengine kazi yao kupiga makofi. Hata zile programu za maswali kama Kahoot, ya Wanorwe, ni nzuri sikatai, lakini alama zake zaenda na kasi, mwenye mkono mwepesi ndo ang'aa, na hapa kwetu hizo simu darasani zenyewe ziko wapi. Kwenye bao ukikaa ukafikiria hakuna wa kukucheka, mwenzio naye anafikiria.

Kiswahili sina shida nacho sana, vitendawili vyajiendesha vyenyewe, tega, umenoa, nipe mji, na akipewa Lamu lazima aeleze alikwenda akafanya nini huko, hapo ndo insha yenyewe inatoka bila kuiita insha. Nikawaambia watunge vyao. Mmoja wa Likoni kaleta, "Anameza watu asubuhi, anawatapika ng'ambo wazima." Feri bila shaka, darasa zima lilijibu kwa mpigo, nusu yao hupanda kila siku.

Sasa mzazi mmoja kanisimamisha getini. "Mwalimu, mwanangu asema mmeshinda mkicheza bao, ndo CBC hiyo?" Hakuwa mkali lakini hakuwa anatania pia. Nikamwambia mama, mtaala huu wa umilisi tangu uanze 2019 wataka mtoto afanye kwa mikono yake, na kama una wasiwasi muulize leo usiku kete 50 zaishia shimo la ngapi. Kesho yake akaja tena, nikajua ni malalamiko, kumbe yeye na mumewe wamebishana usiku kucha na mtoto kakataa kuwapa jibu. La pili, nikamwambia, na akaanza kuhesabu kwa vidole palepale getini.

Wiki ijayo ni nusu, robo na thumuni. Nilikuwa nataka kuleta mkate wa sinia tuukate vipande vinane, lakini watoto ni sitini na kitu na mshahara huu haununui mikate ya kuwatosha wote, kwa hivyo thumuni wataipata kwenye bao, shimo moja kati ya manane ya mstari.