Jeki wa Kitangiri na kopo la dagaa

Mwezi wa pili mama alinipigia video kolo, huku Leeds, Uingereza, ni usiku na mi niko shift, akageuza simu nione suruali ya jinzi imechanika kuanzia mfukoni mpaka gotini. Sio ya mtu wa kwetu, ya kijana wa bodaboda. "Hii ya tatu," akasema, "na mdogo wako Masanja anasema huyu mbwa atafutiwe dawa." Dawa hapo maana yake sumu, tuelewane.

Nikacheka alafu nikanyamaza. Huyo mbwa, Jeki, nilimwacha nyumbani Kitangiri, Mwanza, miaka minne iliyopita, kitoto kinachoenea kwenye ndoo ya kufulia. Sa hivi ndo mkali wa mtaa.

Ila niseme ukweli, mimi ni wa mwisho kwenye ukoo wetu kumtetea mbwa. Nikiwa na miaka tisa niling'atwa ugoko karibu na mawe ya Mabatini na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Kitu nachokumbuka sio meno, ni mama kunikamata mguu pale bombani na sabuni ya mche, anasugua anasugua maji yanatiririka mpaka nikaona anataka kunichuna, alafu moja kwa moja hospitali tukaanza sindano. Mpaka leo namshukuru, maana robo saa ile ya sabuni na maji na kuwahi chanjo ndo vinavyookoa mtu, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hamna daktari wa kukurudisha. Kwaiyo mtu wa Mwanza akiokota jiwe akiona mbwa mi simcheki, ana sababu.

Sasa kabla ya simu hiyo, Leeds nilishapata chumba kwa bibi mmoja mzungu, mwalimu wa baiolojia mstaafu, kodi nafuu kwa sharti moja: asubuhi nimtembeze mbwa wake. Nilikubali kwa njaa, sio kwa mapenzi. Mbwa mwenyewe greihaundi aliyestaafu mbio, miguu kama mwanamitindo, macho ya huzuni. Wale mbwa wa mbio wanakulia mabandani, maisha ya ndani ya nyumba hawayajui kabisa, yani huyu ngazi zilimshinda, anaweka mguu mmoja anatetemeka, mlango wa kioo anaugonga kwa pua maana hajui kioo ni nini. Nje ndo balaa. Mwanaume aliyevaa kofia ya sweta, pipa la taka lenye magurudumu likiburutwa, mbwa mwenzie akitokea kona ghafla, anaruka anabweka kama anataka kuua mtu na mi nimening'inia kwenye kamba na viatu vyangu vya mtumba kwenye barafu.

Nikamwambia bibi mbwa wako ni mkali. Akanijibu hapana, anaogopa, na akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona japo nimeishi na mbwa uani maisha yangu yote. Kabla ya kubweka alikua anajilamba pua bila chakula, anapiga mwayo bila usingizi, anageuza uso pembeni ila jicho linabaki kule kwenye pipa mpaka weupe wake unaonekana, alafu anaganda kama jiwe. Sekunde mbili tatu hivi. Baada ya hapo ndo makelele. Kumbe alikua anaongea muda wote, mi ndo nilikua nasubiri apige kelele ndo nijue kuna kitu. Na kelele yenyewe haimaanishi "nakuja", inamaanisha "ondoka", na kwa kuwa kila pipa huwa linaondoka, yeye anaamini kubweka kunafanya kazi.

Dawa yake haikua kumkaripia. Ukimpiga anapobweka anajifunza kwamba pipa linakuja NA kipigo, sasa ana mambo mawili ya kuogopa, au ataacha ile miayo na kujilamba maana vinamletea shida, siku nyingine anauma bila taarifa. Dawa ilikua umbali na jibini. Unasimama mbali kiasi kwamba analiona pipa na bado anaweza kula, pipa likitokea jibini linaanza kudondoka, likipotea jibini linakata. Bibi alikua ananikumbusha habari za yule Mrusi Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel 1904 kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, mwenyewe alikua anachunguza mate na tumbo akakuta mbwa wanatokwa mate kabla hata chakula hakijafika, na sisi ndo hivyo hivyo tulitaka pipa limaanishe jibini linakuja. Tulitumia miezi, sio wiki. Na usiku wa tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapopiga fataki kukumbuka watu waliotaka kulipua bunge lao 1605, hatukufundisha kitu, tulifunga mapazia, redio juu, na bibi miaka sabini na kitu amekaa sakafuni amemkumbatia mbwa. Nilidhani anamdekeza. Akasema hofu sio tabia mbaya ya kwamba ukiibembeleza itakua, mtoto wako akiogopa radi utamfukuza?

(Alafu jambo moja tu la pembeni. Miaka miwili Leeds sikuwahi kusalimiwa barabarani. Siku ya kwanza natoka na mbwa watu watatu walisimama. Walimsalimia mbwa.)

Basi mwezi wa nne nikapata likizo ya wiki sita nikaja nyumbani. Nafika getini, mabegi bado yako kwenye buti ya teksi, Jeki ananibwekea kama mwizi. Sikumwangalia, nikapita kwa ubavu nikaingia ndani kumsalimia mama. Jioni ndo nikatoka kumtazama vizuri. Amefungwa chini ya mwembe mita mbili kutoka getini, kwa waya wa umeme ule mzito, mchana kutwa, anafunguliwa usiku. Barabara ya vumbi inapita hapohapo na bodaboda zinapandisha mlima gia moja, ngurumo juu ya ngurumo.

Kesho yake tukamwita daktari wa mifugo aje nyumbani, kwanza chanjo ya kichaa, maana mbwa anayerarua suruali za watu hana chanjo hilo sio suala la suruali tena. Tulimfunga mdomo kwa kitambaa kilaini dakika chache tu za sindano. Daktari akapitisha vidole chini ya manyoya shingoni akaniita nione. Waya ulikua umemla. Mstari mwekundu wenye maji maji, manyoya yamegandia, nzi wanajua njia. Mama akaweka kanga mdomoni. Yani mnaelewa? Miaka minne boda inapita, Jeki anaruka, waya unamkata shingo. Kwa akili ya mbwa boda ndo inayomkata. Mi mwenyewe ningerarua suruali.

Kwaiyo kazi ya kwanza ilikua fundi, sio mafunzo. Tukamhamishia nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha jiwe kubwa, pakazungushiwa mabati chakavu asione barabara, waya tukatupa, fundi viatu akamshonea mkanda mpana wa kifuani. Wiki nzima hatukumfundisha chochote, ni dawa ya kidonda, ugali na mchuzi wa mapanki, na kulala. Masanja akawa ananiambia dada ulaya wamekuharibu, mbwa gani anapewa likizo ya ugonjwa. Nikamwambia we ngoja.

Jibini nani atanunua hapa. Nikaenda zangu soko la Mwaloni pale Kirumba nikachukua dagaa wa elfu mbili, nikawachambua mchanga, nikawaweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku ya kwanza nilitikisa kopo nikampa mmoja mmoja bila sababu yoyote. Siku ya pili nikitikisa tu masikio yanasimama.

Alafu nikamtafuta mtoto wa jirani mwenye boda, nikamwambia nakukodi nusu saa kila jioni ila kazi yako ni kutofanya kitu. Alinishangaa sana huyu kijana. Boda imezimwa, imeegeshwa kule chini karibu na duka la mkaa, mi na Jeki tuko juu hatua kama sitini hivi. Jeki akiiona, dagaa. Akiangalia pembeni tunakaa tu. Kipimo changu kilikua dagaa wenyewe: akila kwa adabu tuko sawa, akinyakua na vidole vyangu tumesogea sana, akimwacha dagaa chini hapo ni kugeuza na kurudi nyuma bila ubishi. Na mpangilio ni boda kwanza dagaa baadae. Masanja aligeuza siku moja, akawa anatikisa kopo ndo anampungia kijana aje, matokeo yake Jeki akaanza kulitilia kopo mashaka, tulipoteza siku mbili kulisafisha jina lake.

Tulikata boda vipande vipande. Boda imezimwa. Boda inasukumwa. Boda imesimama inaunguruma. Boda inatembea haina ngurumo kubwa, inashuka mlima. Mtu wa boda bila boda, amekaa kwenye jiwe anachezea simu. Kila kipande siku zake, na tukiongeza kelele tunaongeza na umbali.

Sio kwamba ilinyooka. Wiki ya nne, saa kumi alfajiri, ile radi ya ziwani, mnaijua wenyewe, masika inapokuja toka kwenye maji na kutikisa mabati. Jeki alichimba akaingia chini ya banda la kuku. Nikakaa nae pale na khanga imelowa nanuka kuku. Mchana wake ukapita msafara wa harusi na matarumbeta, na mi kwa ujinga nikasema jioni tufanye zoezi kama kawaida. Mbwa alikua bado kajaa radi na tarumbeta, boda ikawasha tu akageuka akanasa suruali ya Masanja. Hakuingiza jino, ila suruali ya nne ikapatikana. Kosa langu mimi, siku kama hiyo mbwa anaachwa alale, na hata kesho yake.

Naondoka mwezi wa tano mwishoni, boda ilikua inapita hatua kama kumi na tano, Jeki anaiangalia alafu anageuza shingo kunitazama mi, dagaa yuko wapi. Chini ya hapo bado anabweka. Mgeni hafiki getini mpaka Jeki awe nyuma kwenye mabati, hilo nimewaambia halina mjadala. Sumu haitajwi tena.

Jumapili iliyopita mama kanipigia, tunaongelea shangazi na mpunga wake kule Magu, katikati nikasikia boda inapandisha gia moja. Mama akasema "subiri kidogo mwanangu." Simu ikawekwa inaangalia dari. Nikasikia kandambili zinakimbia, ngurumo inakuja, alafu kopo linatikisika, kacha kacha kacha, boda ikapita mpaka ikaisha. Mama akarudi anahema. "Enhe, shangazi yako sasa," akasema, "anadai magunia sita."