Namna nilivyouzuia mfumo wa mizani ya samaki kupoteza rekodi umeme unapokatika

Wavuvi wanaoshusha sangara katika mwalo mmoja nje kidogo ya jiji la Mwanza hulipwa kwa kilo zilizoingia kwenye kompyuta ya mizani, na kilo ambazo kompyuta haizikumbuki hazilipwi na mtu. Nilipokabidhiwa mfumo huo, ulioandikwa na wengine, lalamiko lilikuwa moja: umeme ukikatika, rekodi za mwisho hutoweka, ingawa skrini ilikwisha kuonyesha kwamba zimehifadhiwa. Mama mmoja mwenye mitumbwi aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, “Mwanangu, mashine yenu inakula kilo zetu.”

Alikuwa sahihi. Programu inapoagiza data iandikwe, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, huipokea kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, hujibu kwamba kazi imekwisha, kisha huipeleka kwenye diski baadaye, pengine baada ya sekunde kadhaa. Ipo amri ya kuulazimisha uandike papo hapo na kungoja hadi diski ithibitishe, nayo huitwa fsync, lakini waandishi wengi wa programu huikwepa kwa kuwa hupunguza kasi. Mwaloni hoja hiyo haina uzito, kwa sababu kreti moja haiwezi kuondolewa mizanini na nyingine kupandishwa kwa muda mfupi kama ule ambao amri hiyo huuhitaji.

Nilihamishia rekodi kwenye SQLite, kanzidata ndogo iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo leo imo ndani ya mamilioni ya simu. Hata hiyo inahitaji kusomwa maelezo yake kwa makini: ikitumia daftari la WAL, ambamo mabadiliko huandikwa kabla ya kuingizwa kwenye faili kuu, pamoja na mpangilio wa NORMAL, usiongoja diski ithibitishe kila muamala, umeme ukikatika faili haliharibiki, lakini miamala ya mwisho yaweza kupotea, na hiyo ndiyo hasara tuliyokuwa tunaikimbia. Niliiweka kwenye FULL, mpangilio unaongoja uthibitisho huo kila mara, kisha nikaagiza kwamba stakabadhi isichapishwe kabla kanzidata haijathibitisha.

Baada ya hapo nilijaribu. Kompyuta ya mizani iliandika namba mfululizo, na kila iliyothibitishwa ikatumwa kwenye kompyuta ya pili; mimi nikavuta plagi ukutani katikati ya kazi, nikawasha tena na kulinganisha. Diski moja ya bei rahisi ilibainika kuwa inathibitisha kitu ambacho haijakiandika, na hakuna programu inayoweza kuitibu diski inayodanganya, kwa hiyo tuliibadilisha. (Betri ya akiba ilikuwepo tangu zamani, lakini ilikuwa ikichaji simu za nusu ya mwalo.)

Nikiwa humo nilikuta jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia bado. Uzito ulihifadhiwa kwa gramu katika namba nzima ya biti 16 yenye alama, yaani nafasi ya tarakimu 16 za 0 na 1 inayobeba namba chanya na hasi, ambayo mwisho wake ni 32,767; ikizidi hapo, huruka hadi upande wa hasi. Kreti ya kilo 33 ingesomeka kuwa na uzito wa chini ya sifuri. Mizani ya zamani ilipima kreti ndogo tu, ndiyo maana kasoro ilijificha. Lakini mizani hubadilishwa na programu hubaki. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika ikiwa haijamaliza hata dakika moja angani, kwa sababu programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia, ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 kuwa namba nzima ya biti 16, nayo haikuenea. Niliongeza biti zikawa 32.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumshawishi mteja. Katika tasnia yetu mtu husifiwa kwa kitufe kipya kinachoonekana, na mteja aliniuliza, kwa haki kabisa, analipia nini ikiwa skrini ni ileile. Ningeweza kumchorea grafu. Badala yake tuliandika kifungu katika mkataba: toleo jipya halilipiwi mpaka mwakilishi wa wavuvi avute plagi mwenyewe wakati samaki wanapimwa, kisha azikute kilo zote zilizomo kwenye stakabadhi zake.