Nilivyoandika kitabu cha biashara ya dagaa bila siri hata moja ya mafanikio

Nianze na hasira zangu, maana bado hazijaisha. Nilipowaambia watu pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, mitumbwi inaposhusha samaki, kwamba naandika kitabu cha biashara, kila aliyewahi kushika kalamu alinipa ushauri, na karibu wote ulikuwa uleule. Anza na umaskini wako wa utotoni. Jina la kitabu liwe na namba, mbinu saba au siri kumi, ili mradi kihesabike. Kila sura ifunguliwe na maneno ya tajiri wa Marekani. Kijana mmoja, msomi kweli, na tai kavaa, akaniambia, "Mama, watu hawanunui hesabu, wananunua matumaini." Nikamjibu, mwanangu, matumaini hapa mwaloni yapo tele na hayana bei. Kinachokosekana ni mtaji.

Mimi nauza dagaa. Nimeuza wabichi, wa kuanika mchangani, wa chanjani yaani walioanikwa juu ya vichanja, nimepakia magunia ya Tabora na ya Dar es Salaam. Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, nimekuwa mweka hazina tangu zamani kwa sababu moja tu, mwandiko wangu unasomeka. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na hapo sitapasema zaidi. Kitabu kimetoka, kina kurasa 96, na nakala za chapa ya kwanza zimekwisha. Baadhi ya wale washauri wangu mpaka leo mswada wao uko kwenye flashi.

Kabla sijaandika nilisoma vitabu vya biashara vya kuazima, vingi tu. Vina mambo mazuri, sitavisema vibaya. Ila karibu vyote vinamhoji aliyeshinda. Tajiri anaulizwa umefikaje hapo, anasema nilikuwa naamka alfajiri. Sasa Kibirizi sote tunaamka alfajiri, na aliyefilisika naye aliamka, maana mitumbwi inarudi alfajiri na usipokuwepo unakuta karai tupu. Kama kuamka mapema kungekuwa ndiyo jibu, Mkoa wa Kigoma mzima ungekuwa na maghorofa. Nikaona niwafuate walioanguka. Niwatafute kina mama waliokuwa na vichanja vinne vitano, leo wanakaanga mihogo.

Hapo ndipo penye utamu, na nitapaeleza kwa raha zangu.

Mtu aliyefilisika hakuelezi. Ukimuuliza "dada, ilikuwaje?" atakuambia ni mambo ya Mungu, kisha ataanza kukuulizia watoto wako. Nilizungushwa hivyo hadi nikachoka. Halafu siku moja nikaja na maneno mengine. Nilikaa kwa shangazi mmoja kule Katonga, nikamsaidia kumenya mihogo, nikamwambia, "Shangazi, nataka kuchukua mkopo niongeze vichanja. Unanishauri nini?" Kisu alikiweka chini. Akanishika mkono. Akaanza kunionya kuanzia mwanzo: alikopa kiasi gani, nani alimdhamini, marejesho yalikuwa ya siku gani, walipokuja kuchukua televisheni jirani gani alikuwa anachungulia. Saa nzima! Mtu hataki kusimulia aibu yake, lakini kumwonya mwenzake asiingie shimo lilelile atasimulia mpaka jua lizame. Kuanzia hapo kila niliyemtembelea nilikuwa "nataka kukopa". Uvumi ulinitangulia hadi Ujiji kwamba mama yule ana shida kubwa ya pesa, na shemeji yangu akapiga simu kutoka Kasulu kuuliza kulikoni. Simu ilikuwa inarekodi muda wote, na nilikuwa nawaeleza mwishoni nafanya nini. Mmoja alinifukuza. Wengine walicheka na kuongeza mambo.

Ila maelezo yao hayakukutana. Mmoja alisema ni mvua iliyowakuta dagaa mchangani. Mwingine wifi. Mwingine mteja wa Dar aliyechukua magunia mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, akazima simu. Wawili walisema uchawi na wakanitajia mchawi. Kwa maelezo hayo ningeandika kitabu cha visa, si cha biashara.

Kilichoniokoa ni kalenda. Nyumbani tuna ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kizungu na za Kiislamu pamoja. Nilikuwa na madaftari ya kikoba ya miaka kadhaa, na mweka hazina mzuri huandika tarehe ya kila faini. Usiku mmoja umeme umekatika, nimewasha tochi ya simu, nikaanza kuhamisha zile faini za kuchelewesha marejesho kutoka tarehe za Kizungu kwenda za mwezi mwandamo. Kwa tarehe za Kizungu zilikuwa zimetawanyika ovyo. Kwa tarehe za Kiislamu zilirundikana kati ya 12 na 20, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwamsha mzee wangu nimwonyeshe. Akaangalia, akasema, "Si mbalamwezi hiyo," akalala.

Ndiyo hiyo. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola na betri, lakini kazi ni ileile: gizani taa inawavuta dagaa juu, wavu unawachukua. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki. Mitumbwi inakaa ufukweni wiki nzima au zaidi. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza ndipo wanapata saa chache za giza, wanaanza kutoka tena. Kwa hiyo mama wa dagaa ana pesa kwa mawimbi ya siku 29 na nusu, lakini marejesho yake ni kila wiki, na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ni kila siku. Mwezi ukipevuka anakula mtaji ili alipe deni. Giza likirudi anaingia ziwani na karai nusu. Mvua, wifi na mteja wa Dar humkuta keshadhoofika.

Kitabu kizima ni hicho. Pesa ya kulipa deni la siku za mbalamwezi huwekwa pembeni siku za giza, kabla hujagusa faida, na pesa haipiti kwenye pochi, inaenda moja kwa moja kwa mtu wa kukaa nayo. Kama huwezi kuiweka, mkopo ule si wako. Hesabu zimo, pamoja na ile inayowaliza wengi: dagaa wabichi kama kilo nne ndizo zinazokupa kilo moja mkavu, kwa hiyo ukinunua kwa macho ya ubichi umekwisha. Kikoba chetu nacho kilihamisha siku ya marejesho ikafuata mwezi, baada ya kelele za vikao kadhaa.

Yule kijana wa tai aliposoma rasimu alisema sijavumbua kitu, kila mvuvi anajua habari za mwezi. Nikamweleza habari za Luca Pacioli, mtawa wa Italia. Mwaka 1494 alichapisha Venice kitabu cha hisabati ambamo alieleza namna wafanyabiashara wa pale walivyoandika hesabu zao pande mbili, anayedai na anayedaiwa. Naye hakuvumbua, walikuwa wakifanya hivyo kabla yake. Aliandika tu vizuri, na wahasibu mpaka leo wanamtaja. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeongeza sura ya maono, yaani ya yale matumaini yake.

Sura ya maono niliiandika, kwa kumridhisha. Na hapa nina ujanja mwingine wa kuwapa bure. Sikutaka kuchapa kitabu kizima halafu nianze kubembeleza watu. Nikaipeleka kila sura peke yake kwenye steshenari moja pale Mwanga, nikamwambia dogo wa mashine, "Mdogo wangu, anayetaka atoe kopi kwa pesa yake, wewe niwekee alama tu kila ikitoka." Nikatangaza mwaloni na kwenye vikoba kwamba zipo. Wiki zikapita. Sura ya mali kauli, ile inayoeleza kwamba mteja wa mbali apewe gunia la pili baada ya kulipia la kwanza, na maandishi yawe na sahihi ya shahidi, ilitolewa kopi mpaka karatasi mama ikawa nyeusi. Ya mbalamwezi ikafuatia. Sura ya maono ilikuwa nyeupe kama sanda, haijaguswa.

Watu wakanitisha kwamba nitaibiwa. Nikaenda kuuliza kwa anayejua sheria. Kumbe hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna ulivyoliandika, na inakulinda tangu siku ulipoandika hata kama hujasajili popote. Kwa sheria yetu ya 1999 inaendelea hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuandika habari za mwezi na marejesho, asinakili tu kurasa zangu. Basi nikalala usingizi.

Mengine ni ya kawaida, mswada, mhariri, namba. Namba ya ISBN, ya kutambulisha kitabu, zile tarakimu 13 zinazoanza na 978, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, omba mapema. Mhariri naye nilimlipa nusu, nusu nikambakizia, na nilishukuru sana kwa kumbakizia, kwa sababu alirudisha mswada amefuta "mali kauli" kila mahali akaweka "mauzo ya mkopo", na "kausha damu" akaiita "taasisi ndogo ya fedha". Nilirudisha maneno yangu moja moja usiku. Koma zake niliziacha, koma anazijua.

Mchapaji wa Dar aliniambia kurasa zinapangwa kwa kumi na sita, kwa hiyo mia yangu na kidogo ama ishuke 96 ama ipande 112. Unajua ni sura gani iliondoka. Maandishi niliagiza yawe makubwa, kwa sababu msomaji wangu amesimama kwenye banda, miwani kaisahau nyumbani, na mkono una magamba. Jalada nalo likapakwa plastiki, liwe la kufutika. Mchapaji alisema litaonekana kama daftari la shule. Liwe tu.

Gharama? Milioni moja na nusu na ushee kwa nakala mia tatu, ukiweka na usafiri wa basi na kijana wa bodaboda aliyedai maboksi ni mazito kuliko tulivyokubaliana. Bei niliweka elfu kumi. Duka la vitabu lilitaka asilimia kubwa na kulipa "zikiuzika", yaani mali kauli, na mimi nimeandika sura nzima kuhusu hilo! Nikauza mwenyewe kwa vikoba, kila kikundi nakala tatu nne, malipo taslimu, na mweka hazina wao anapewa moja ya bure kwa sababu yeye ndiye atakayesomea wengine. Nyingine zilipakiwa na magunia hadi kwa wateja wangu wa Tabora. Zilifika zinanuka, lakini zilinunuliwa.

Sasa nina kazi mpya. Kitabu kikiwa tayari mikononi mwa watu, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Hesabu zangu zilikuwa za kuvuka wiki moja ya mwezi mpevu, si miezi mitatu, na kina mama hawakuchelewa kunikumbusha, na kitabu wamekishika mkononi. Chapa ya pili itakuwa na sura hiyo. Nimeanza kuzunguka tena kwa wale ambao vichanja vyao havijasimama tangu wakati ule, safari hii ujanja wa "nataka kukopa" haufui dafu kwa sababu wote wamesoma kitabu. Mmoja amesema hafungui mdomo bila malipo. Tumekubaliana sado moja ya dagaa, wa chanjani, na amekataa wa mchangani.