Plastiki Inayoivia Ndani ya Kalibu

Watu wengi wakifikiria namna plastiki inavyofinyangwa, hukiona akilini kitu kilichoyeyushwa, kikamiminwa, kisha kikapoozwa hadi kikawa kigumu. Picha hiyo ni sahihi kwa ndoo, jagi na kiti cha plastiki, lakini haifai hata kidogo kwa mpini mweusi wa kikaango, kwa plagi ngumu za zamani au kwa sahani ya melamini, kwa sababu vitu hivyo havikupoozwa ili vigande, bali vilipashwa moto ndipo vikaganda. Hizo ni plastiki za jamii ya thamoseti, na kwangu mimi uzuri wake wote uko hapa: kalibu haizipi umbo tu, bali ndimo kemia yake inamokamilika.

Nichukue bakelaiti, mojawapo ya thamoseti hizo, ninayoipenda kuliko zote. Unga unaotiwa kwenye kalibu yake huwa na resini, yaani utomvu wa kutengenezwa, ya kemikali mbili, fenoli na fomaldehaidi, iliyopikwa nusu tu, unga laini wa mbao ambao mara nyingi hukaribia nusu ya uzito wote, rangi, kilainishi cha kuzuia kunata, na heksamini, ambayo kazi yake ni kuyamalizia mapishi. Kalibu yenyewe ni nusu mbili za chuma kigumu, zimefungwa kwenye mashine ya haidroliki na kupashwa hadi baina ya nyuzi 150 na 190 za Selsiasi. Unga ukishapimwa na kutiwa, mashine hufunga na kushindilia, na hapo mambo mawili yanayopingana huanza kwa pamoja: joto huilainisha resini ili itiririke hadi kwenye kona zote, na joto lilelile huziunganisha molekuli zake kuwa wavu mmoja mgumu usioweza tena kutiririka. Ikishafika hapo hairudi nyuma, kama vile tofali lililochomwa lisivyoweza kulowekwa likawa udongo tena.

Kwa hiyo ustadi wa mwendesha mashine uko katika muda mfupi uliopo kati ya kulainika na kuganda. Akichelewa kufunga, unga ulio karibu na chuma huiva kabla haujafika panapotakiwa, na kifaa hutoka kikiwa na kona zisizojaa. Akiwahi kukitoa kifaa ambacho ndani bado hakijaiva, hukuta kimevimba malengelenge, kwa kuwa mmenyuko huo hutoa amonia na mvuke unaotafuta njia ya kutokea. Ndiyo maana mara tu baada ya kushindilia mara ya kwanza, mashine hufunguliwa kidogo mno kisha hufungwa tena. Ukisimama karibu utaona pumzi ya mvuke ikichomoka pembeni mwa kalibu, na harufu kali ya amonia itakupanda puani. Kitendo hicho cha sekunde chache, ambacho mgeni anaweza kukidhania kuwa hitilafu, ndicho kinachookoa kifaa.

Tatizo la mvuke na mapovu ndilo lililowakwamisha wanakemia kwa miongo kadhaa. Adolf von Baeyer wa Ujerumani alikwisha kuchanganya fenoli na aldehaidi, jamii ya kemikali ambamo fomaldehaidi imo, mwaka 1872 na kupata utomvu asioona faida yake, na waliomfuata walijitahidi kupunguza joto ili mchanganyiko usitoe povu. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alishika njia ya kinyume: mwaka 1907, katika maabara yake iliyokuwa Yonkers, New York, aliongeza joto lakini akalitia pamoja na mgandamizo mkubwa, ili gesi zisipate nafasi ya kutanuka. Hataza yake juu ya joto na mgandamizo ilitolewa Desemba 1909. Naithamini kazi hiyo hasa kwa sababu viambato havikuwa vipya; kilichobadilika ni namna ya kuviivisha.

Mbali na njia hiyo ya kushindilia, kuna pia njia ya kudunga, ambamo resini husukumwa kutoka kwenye pipa la mashine hadi ndani ya kalibu, na aliyezoea mashine za kudungia ndoo akija huku hana budi kujifunza upya, kwani pipa la mashine huwekwa na joto la wastani, na kalibu ndiyo yenye moto mkali. Mashine ikisimama kwa muda mrefu ikiwa na resini ndani ya pipa, resini hiyo inaweza kuiva humohumo, na itabidi pipa lifunguliwe na kuchokonolewa.

Njia ya tatu, ya kuhamisha, ndiyo inayofaa panapokuwa na kitu chororo cha kufunikwa. Chipu za elektroniki, zikiwemo zilizomo ndani ya simu, hufunikwa hivyo kwa epoksi, resini nyingine ya thamoseti, iliyochanganywa na silika nyingi, yaani madini ya mchanga: kidonge cha epoksi hupashwa ndani ya chungu kidogo, kisha pistoni huisukuma kupitia vijia vyembamba hadi kwenye vyumba vya kalibu iliyokwisha kufungwa. Mwendo huo hudhibitiwa kwa uangalifu mkubwa, kwa maana nyuzi za dhahabu au shaba zinazoiunganisha chipu ni nyembamba kuliko unywele, na epoksi ikienda kwa kishindo huzilaza zikagusana. Baada ya kutolewa, vipande hivyo mara nyingi hutiwa ndani ya tanuri kwa saa kadhaa, ili molekuli zilizokuwa hazijaungana zipate kuungana.