Swali la damu kwenye fomu ya chama: tulivyofanya Moshi

Akiba ya damu ya hospitali zetu inabebwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wanaochangia. Shule na vyuo vikifungwa, Juni na Desemba, timu ya Damu Salama, mpango wa taifa unaokusanya damu, inakosa pa kwenda, na Desemba ndiyo hiyo ambayo Kilimanjaro inajaa watu waliorudi nyumbani, magari yanapishana usiku na mchana, na hospitali zinataka damu zaidi. Tulichohitaji ni watu wazima wanaoishi hapa hapa mwaka mzima, ambao simu zao zinapatikana. Watu hao tayari wanajaza karatasi kila mwaka: fomu ya SACCOS (chama cha kuweka na kukopa), ya AMCOS (ushirika wa wakulima) kule juu kwenye kahawa, ya umoja wa bodaboda, ya udahili wa chuo. Kazi ikawa kuingiza swali moja la kuchangia damu kwenye karatasi iliyopo, na kuhakikisha jibu lake halifi kabatini. Sisi tulianzia kwenye SACCOS.

Wazo lenyewe si letu. Uingereza na Marekani, mtu anayeomba au kuhuisha leseni ya udereva anaulizwa kama atakubali kutoa viungo vyake akifariki. Hapa kwetu upandikizaji wa figo, ulioanza Muhimbili mwaka 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018, umejengwa juu ya ndugu aliye hai kumpa ndugu yake, kwa hiyo karani wa chama hana cha kuandikisha. Damu ni tofauti. Kituo cha Damu Salama Kanda ya Kaskazini kipo hapa Moshi, kina timu inayotoka na gari, na ukiwapelekea orodha nzuri wanaitumia. Ongea nao kwanza, kabla ya kuchapa chochote. Ukiuliza watu halafu miezi sita ikapita bila simu, safari ya pili hawatakujibu.

Karatasi ipi? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema: wanachagua fomu ya mkopo kwa sababu ndiyo inayojazwa sana. Usiiguse. Mtu anayeomba mkopo atatiki chochote anachodhani kitampendeza afisa mikopo, na atakayetiki "hapana" atakaa na wasiwasi kwamba ombi lake litacheleweshwa. Tiki za namna hiyo hazileti mtu, zinaleta namba za simu zisizopokelewa. Tulichagua fomu ya kuhuisha taarifa za mwanachama, ile inayojazwa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Haina fedha ndani yake, inajazwa mtu akiwa amekaa, na namba ya simu inaandikwa upya.

Mahali pa swali ndani ya fomu ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Fomu nyingi za vyama zina sehemu ya mrithi: nani apewe akiba yako ukifariki. Swali la damu likija baada ya hapo, msomaji ameshaanza kufikiria kifo, na wapo wazee watakaoiacha fomu mezani. Tuliliweka mara tu baada ya namba ya simu na kata, kabla ya mrithi. Mtu ametoka kuandika namba yake, swali linalofuata linahusu kupigiwa namba hiyo hiyo. Linaeleweka bila maelezo.

Maneno ya swali tuliyaandika upya mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. "Je, ungependa kuchangia damu?" haifai, maana hakuna Mtanzania mwenye adabu atakayesema hapendi. Mwaka 2013 Uingereza walijaribu jumbe 8 tofauti kwenye ukurasa wa mtandao wa leseni na kodi ya magari, mbele ya watu zaidi ya milioni 1. Ujumbe ulioshinda uliuliza: kama ungehitaji kiungo, ungekubali kupokea? Basi saidia na wengine. Wenye picha ya kundi la watu ulifanya vibaya kuliko ukurasa usio na ujumbe wa ziada. Kwa hiyo usihangaike na picha ya tone jekundu lenye macho. Yetu ikasomeka hivi:

"Ndugu yako akihitaji damu leo, utatamani ipatikane. Je, tukupigie simu timu ya Damu Salama itakapokuja karibu na kata yako? (1) Ndiyo, nipigieni asubuhi. (2) Ndiyo, nipigieni jioni. (3) Hapana. (4) Niulizeni mwaka ujao."

Angalia kinachoombwa: ruhusa ya kupiga simu, basi. Mtu haahidi damu yake, kwa hiyo hadanganyi akitiki ndiyo na habanwi akibadili mawazo. Asubuhi na jioni si mapambo. Mtu aliyechagua saa amekwisha kujiona akipokea simu. Jibu la nne lina kazi yake pia: bila hilo, wajawazito, wanaonyonyesha na walio kwenye dawa watatiki "hapana", na mwaka unaofuata karani atawaruka. Hatukuweka nafasi ya kueleza sababu ya "hapana". Mashahidi wa Yehova hawawekewi damu kwa imani yao, wengine wanaogopa sindano, wengine hawataki tu. Si kazi ya chama kujua.

Juu ya swali, kwa herufi za kawaida zisizo ndogo kuliko nyingine, tuliweka masharti yanayojulikana: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mtu wa kilo 46 anajitoa mwenyewe hapo hapo badala ya kupanga foleni siku ya zoezi na kurudishwa mbele ya majirani.

Vitu viwili vimeachwa makusudi. Kwanza kundi la damu. Watu wengi hawalijui, wengine wanataja walilosikia utotoni, na kituo kitalipima vyovyote vile. Ukiweka mstari huo, mtu asiyejua anasimama hapo, anaona aibu, anaacha na vilivyofuata. Pili, swali lolote la ugonjwa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na chama cha kuweka na kukopa hakina sababu ya kuzishika. Maswali ya afya yanaulizwa na muuguzi, faragha, siku ya kuchangia.

Ruhusa yenyewe iwe na sahihi yake. Fomu ina sahihi moja chini inayofunika kila kitu, na hiyo haitoshi. Sisi swali tuliliweka kwenye kipande cha chini cha ukurasa wa kwanza, kabla ya sehemu ya mrithi, theluthi moja ya A4, chenye mstari wa nukta wa kukatia. Kina jina, simu, kata, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, swali, sahihi na tarehe. Hakina namba ya uanachama, hakina namba ya NIDA, hakina kiasi cha akiba. Karani anakikata kwa rula na kukiweka kwenye boksi tofauti, fomu inabaki kwenye faili la mwanachama. Kinachokwenda kituo cha damu ni vipande tu. Mwishoni mwa kipande pana sentensi mbili: "Chama hakipokei majibu ya vipimo vyako. Ukitaka jina lako liondolewe, tuambie dirishani au kwa simu, bila kueleza sababu." Sentensi ya kwanza iliondoa maswali mengi kuliko semina. Damu yote inayochangiwa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na hofu kubwa ya mwanachama ni kwamba mwenyekiti wa bodi atajua.

Kisha karani. Fomu nzuri inaharibiwa na sentensi moja dirishani: "Weka tiki hapo kwenye ndiyo, mama, twende haraka." Tulikubaliana maneno ya kusema, na yalikuwa machache:

"Shikamoo mama. Hapa chini pana swali la damu, lisome ujaze unavyoona mwenyewe. Ukitiki hapana hakuna tatizo lolote."

"Marahaba. Na hii damu si mnaenda kuuza?"

"Hapana mama, inakwenda Damu Salama, na wao hawaiuzi. Hata sisi chama hatulipwi kitu."

Swali la kuuza damu litakuja kila siku, kwa hiyo karani awe na jibu fupi lililonyooka, asianze kutetea hospitali. Na asiahidi kwamba anayechangia atahudumiwa kwanza akiumwa. Ahadi hiyo ikivunjika mara moja wodini, mtaa mzima utajua kabla ya saa nane mchana.

Jambo la pili la karani ni namba ya simu. Ahesabu tarakimu 10, atazame kama 1 haijaandikwa kama 7, kisha abipu palepale mwanachama akiwa mbele yake. Simu ikilia mkobani, namba ni sahihi. Inachukua nusu dakika na hakuna hatua nyingine yenye faida kubwa kuliko hiyo. Wazee wengi wanaandika namba ya mtoto aliyeko Dar es Salaam. Hapo karani aulize kama kuna simu ya jirani au ya mke, au aweke alama kwamba mtu huyu anafikiwa kupitia balozi wa nyumba kumi.

Vipande viingizwe kwenye kompyuta wiki hiyo hiyo. Safu zetu: jina, simu, kata, jinsia, saa ya kupigiwa, tarehe ya mwisho kuchangia, tarehe ya kuruhusiwa tena. Hii ya mwisho inajihesabu yenyewe: siku 90 kwa mwanaume, 120 kwa mwanamke. Panga kwa kata na si kwa alfabeti, kwa sababu gari la timu linakwenda sehemu moja kwa siku.

Sasa kosa ambalo nimeliona kwenye mazoezi mengi: kuwaita watu wote siku moja, kupiga picha na bango, na kumaliza. Damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Chembe nyekundu zinakaa siku 35 kwenye mfuko wa kawaida, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 5 tu. Mifuko mingi ikiingia Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, haitamsaidia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua mwezi Agosti. Orodha ya fomu ina thamani kwa sababu inakuwezesha kugawa watu kwa miezi. Kata za mjini tuliziwekea miezi ambayo shule zimefungwa, kata za juu tuliziweka nje ya msimu wa kuvuna kahawa, na mvua za masika tukaziepuka kule ambako barabara inateleza. Mwezi wa Ramadhani panga jioni baada ya futari au sogeza mbele. Kwaresima uliza paroko kabla ya kupanga Ijumaa, maana mtu anatakiwa aje amekula.

Hapa ndipo anahitajika mtu mwenye jukumu la kupiga simu, na vocha ya kupigia. Hispania, ambayo kwa miaka mingi imekuwa juu kabisa duniani kwa uchangiaji wa viungo, ilipanda baada ya kuunda shirika la taifa la upandikizaji mwaka 1989 na kuweka waratibu ndani ya hospitali, watu wa kuzungumza na familia. Sheria yao ya kumhesabu kila mtu kuwa mchangiaji ilikuwepo tangu 1979, na peke yake haikutosha. Sisi mratibu wetu ni karani mmoja, siku mbili kabla ya zoezi. Ukipiga wiki nzima kabla, wanasahau. Ukipiga siku ile ile, wameshatoka kwenda shamba. Anamwambia mtu mahali na saa, alale vizuri, ale kifungua kinywa cha kutosha, anywe maji mengi, asinywe pombe usiku ule. Anamwambia pia, kabla ya kuja, kwamba atatobolewa kidole kupima wingi wa damu, na kama uko chini ya gramu 12.5 kwa desilita hatachangia siku hiyo. Usiposema hili mapema, atakayerudishwa atafika nyumbani akisema amekutwa na ugonjwa, na kijiwe kizima kitakosekana safari ijayo.

Siku yenyewe ni nyepesi. Timu inakuja na vitanda vyake, mifuko na maboksi ya baridi. Wewe toa ukumbi wenye kivuli, meza, viti, maji ya kunawa, choo kinachofunguka, na kona iliyozibwa kwa kanga au pazia kwa ajili ya mazungumzo ya faragha. Mfuko ni mililita 450 na unajaa kwa kama dakika 10. Anayemaliza akae, anywe kitu chenye sukari. Dereva wa bodaboda asiruhusiwe kuwasha pikipiki palepale. Mzuie kwa soda ya pili ikibidi.

Kwa bodaboda tulibadilisha kitu kimoja. Wanabadili laini sana, kwa hiyo kipande kinajazwa upya kila wanapolipia ada ya umoja, na simu inapigwa kwa kiongozi wa kijiwe pia, kama mwenyewe ameruhusu kwa kutiki kisanduku cha ziada.

Kila baada ya zoezi, kituo kinaturudishia tarehe za waliochangia na hakuna kingine. Aliyezuiwa kabisa kwa sababu za kiafya anaelezwa na wao, kisha anakuja dirishani kuomba jina liondolewe, au kituo kinatuma orodha ya majina ya kutopigiwa ikiwa imechanganywa na ya waliohama, waliovuka miaka 65 na waliojitoa wenyewe. Karani anafuta yote kwa pamoja na hajui nani ni nani.